Kikande Aliyekataliwa na Apolonia

Tangi la samaki lililetwa nyumbani kwa Nikodemu, Mbezi Beach, kwa mkokoteni, mwaka ule hoteli alikokuwa mhasibu ilipouzwa kwa mtu binafsi na mmiliki mpya akataka televisheni kubwa ukumbini, mahali lilipokuwa tangi. Nikodemu alilichukua kwa ajili ya mkewe, Apolonia, mwalimu wa sayansi ambaye kiharusi kilimpoozesha upande wa kulia kikamwachia maneno machache, tena ya kuvuta.

Alimwekea kiti mbele ya kioo. Suleiman, mzamiaji wa Kunduchi, aliwaletea maji ya bahari kwa madumu, mawe yenye matumbawe hai, na samaki mmoja mmoja. Ila mwenye kuamua nani aingie alikuwa Apolonia. Alimtazama samaki ndani ya mfuko wa plastiki, akatazama na wale waliomo, kisha akasema, "Huyu... mpole," au akatikisa kichwa. Samaki aitwaye kitatange alimkataa kwa kuwa angedonoa matumbawe. Aliowapenda kupita wote ni wawili wadogo, rangi ya chungwa na mistari myeupe, waliojificha ndani ya kiumbe laini kilichochanua juu ya jiwe kama ua. Akiwatazama hao, hata maneno yalimjia kwa urahisi.

Ijumaa moja Suleiman akaja na samaki aitwaye kikande: mwili mweusi, mabaka meupe ya mviringo tumboni, mdomo wa njano kama uliopakwa rangi.

"Hapana," Apolonia akasema. "Ana... meno."

"Mzee, msikilize mama," Suleiman akamwambia Nikodemu. "Huyu hakai na wadogo."

Lakini Jumapili hiyo, Leonardi, mkuu mpya wa Nikodemu kazini, angekuja na mkewe. Wenzake walikuwa na madishi juu ya mapaa na magari ya kutoka Dubai. Yeye alikuwa na tangi. Akamtoa Suleiman hadi nje, akamchukua kikande, akamficha kwenye ndoo uani. Jumapili, Apolonia aliposinzia baada ya chakula, akammimina tangini. Kwa saa chache tu, alijiambia. Akaenda dukani kununua soda.

Aliporudi alisikia mkono ukipiga kiti. Apolonia alikuwa ameteleza nusu sakafuni, amelowa jasho, mdomo wazi. "Ni... Ni..." Jina la mumewe halikufika mwisho. Ndani ya maji, samaki mmoja wa rangi ya chungwa alielea kwa ubavu bila mkia. Wa pili hakuonekana. Kikande alikuwa akilinyofoa lile ua.

Nikodemu alikuwa bado anamwinua mkewe wageni walipobisha hodi.

"Aisee!" Leonardi akasema mbele ya kioo. "Humu kuna vita?"

Nikodemu akacheka. "Muulize shemeji yako. Yeye ndiye mchaguzi wa samaki hapa."

"Shemeji, umetuletea jambazi!"

Wakacheka wote watatu. Apolonia alimtazama mumewe. Nikodemu aliona maneno yakihangaika usoni mwake yakitafuta njia, kisha akaona akiyaacha.

Wageni walipoondoka, Apolonia aliomba kiti kigeuzwe kielekee dirishani. Nikodemu akamtoa kikande, akampelekea Suleiman amrudishe baharini. Aliporejea alipiga magoti.

"Nisamehe, mke wangu. Samaki wako..."

"Si... samaki," Apolonia akasema.

Kesho yake Nikodemu aliingia ofisini kwa Leonardi bila kuitwa. "Jana nilidanganya. Yule samaki nilimweka mie. Mke wangu alimkataa."

Leonardi akainua macho. "Samaki gani? Aa, yule! Usijali, bwana."

Nikodemu akabaki amesimama. Alikuwa amejiandaa kwa aibu, na hata hiyo hakupewa.

Jioni, nyumbani, akamsimulia Apolonia.

"Akasema... nini?"

"Alishasahau."

Apolonia akageuzia uso dirishani. "Mie... bado."

Majuma yakapita, kiti hakikugeuzwa. Suleiman akaleta wawili wengine wa rangi ya chungwa, akakataa malipo. Nikodemu akazunguka na mfuko hadi upande wa dirisha, akaushikilia mbele ya mkewe. Apolonia aliwatazama muda mrefu. Kidole chake cha kushoto kiligusa plastiki.

"Wazuri," akasema. "Warudishwe... kwao."

Nikodemu hakubisha. Akaufunga mfuko vizuri, akaukumbatia kifuani, akatoka na Suleiman kuelekea pwani.