Kidege cha Tonton Faustin

Juzi mujukuu wangu alinionyesha kwenye simu videge vya kiti kimoja. Anasema vingi asili yake ni bawa moja la kitambaa, watu wakalitia moteri. Sawa. Mimi nikiwa mutoto nilisukuma kimoja pale kwenye uwanja wa Kavumu, kikinuka esansi, yaani petroli.

Maman, mama yangu, alikuwa mugonjwa kule Luvungi. Tonton Faustin, mujomba mwenye kidege, akaniambia, "Sukuma sana, nitakupeleka kwake."

Kiti nilikiona kimoja, lakini kwetu kiti kimoja kilikaliwa na watu watatu. Nikasukuma mpaka viganja vikatoka damu. Akaruka peke yake.

Aliporudi nikamuuliza, "Tonton, umemuona maman?"

"Ndiyo, alikupungia mukono!"

Wakubwa wakacheka, na shangazi yangu pia. Leo najua shangazi alikuwa ameshamuzika maman kule Luvungi wiki ileile.