Nauli ya Kibaigwa

Nilipoamua kuweka akiba ya kununua kiwanja, nilianza na vitu vidogo. Niliacha supu ya asubuhi karibu na ofisi, nikawa nabeba viazi vitamu kutoka nyumbani. King'amuzi kikazimwa. Mke wangu hakulalamika. Yeye ndiye aliyechoshwa zaidi na nyumba ya kupanga pale Ipagala, Dodoma.

Kisha nikafikia safari za Kibaigwa. Baba aliishi huko peke yake tangu mama afariki, na kila baada ya wiki mbili nilikwenda kumwona. Nauli, sukari, nyama ya kupika naye. Nikaona hapo ndipo pesa inapopotelea.

"Baba, nitakuwa napiga simu," nilimwambia.

"Wewe jenga, mwanangu. Mimi sina shida."

Nilipiga kila Jumapili. Kila Jumapili alisema yu salama, akaulizia wajukuu, akacheka. Ikapita miezi minane, akiba ikakua, nami nikajiona mtu mwenye akili.

Siku moja kazi ilinipeleka huko kwa gari la ofisi. Nilimkuta baba amekaa mlangoni anachambua maharage. Nikasimama mbele yake kimya, natabasamu, nikingoja anione.

Aliinua uso. "Nani hapo? Kama umefuata mahindi, dalali yuko nyumba ya pili."

Nilidhani ananitania. Halafu nikaviona vidole vyake vikipapasa punje moja moja, na vijiwe vimebaki kwenye sahani ya maharage safi.

"Ni mimi, baba."

"Mbona hukusema kama unakuja?"

Hospitalini Dodoma, daktari alisema ni presha ya macho. Jicho moja lilikuwa limekwisha, la pili limebaki kidogo, na kilichopotea hakirudi.

"Hamkumwona akijikwaa?" aliuliza.

Tulipotoka nilimuuliza baba kwa nini hakuniambia.

"Ningekwambia, ungekuja," alisema. "Na wewe ulikuwa unajenga."

Sasa anaishi nasi, chumba kimoja na wanangu. Sehemu ya akiba inakwenda kwenye dawa. Iliyobaki ipo benki, sijaigusa. Kila asubuhi, ninapomdondoshea dawa, huuliza kama kiwanja tumeshapata.

"Bado tunatafuta, baba," namjibu.

Sijatafuta. Mke wangu anajua, na hajaniuliza.