Mabenchi ya Igowole

Kundi la mtandaoni la mafundi seremala na wauza mbao wa Mbeya, Mafinga na Iringa nililianzisha mimi. Nalisema mapema kwa sababu wapo wanaopenda kusahau. Nilikuwa nimerudi kutoka Sweden na diploma ya teknolojia ya mbao, niliyoisomea jioni huku mchana nikifagia maranda kwenye kiwanda cha watu, na hakuna mjomba wala shangazi aliyenichangia hata nauli. Nikafungua karakana yangu Uyole, Mbeya. Kisha nikaona kila fundi wa huku anaficha anachokijua, nikawakusanya pamoja. Mtu anaweka picha ya kazi yake, wenzake wanamwelekeza, wateja wanaona. Sijui kundi jingine la mafundi nyanda hizi linaloendeshwa vizuri hivyo.

Msumbufu wetu alikuwa mzee mmoja mwenye kibanda cha samani Ipogolo, Iringa, kando ya barabara kuu. Chini ya kila picha aliandika maneno mawili: "Mbichi hiyo," yaani mbao haijakauka. Kitanda, mbichi hiyo. Kabati, mbichi hiyo. Siku moja mtu alikosea akaweka picha ya harusi ya mdogo wake, naye akaandika: "Mbichi hiyo." Watu walicheka siku mbili, nami nikamwacha.

Ikaja zamu ya dada mmoja wa Igowole, fundi wa pekee wa kike kundini. Alikuwa amepewa kazi ya mabenchi kumi na mawili ya kanisa, kazi yake ya kwanza kubwa tangu aache kutengeneza vigoda. Akaweka picha kwa furaha. Mzee akaandika maneno yake, safari hii akaongeza ujumbe wa sauti: "Waumini wajiandae, watakalia maji."

Katibu wa kamati ya ujenzi ya usharika naye alikuwa kundini. Akamwambia dada wasubiri kwanza. Dada akanipigia.

"Kaka, huyu mzee ananimaliza. Wewe ndiye mwenye kundi, unamtazama tu?"

Nikamtoa. Asubuhi akaingia kwa namba ya binti yake: "Ni mimi. Bado mbichi." Nikamtoa tena. Akarudi kwa namba ya muuza vocha. Nikamtoa, kisha nikafunga kundi kabisa, asiandike mtu isipokuwa mimi. Ughaibuni nilikuwa mwanachama wa jukwaa la maseremala, na hivyo ndivyo walivyofanya kule. Mtu mkorofi anatolewa, kazi inaendelea.

Nilichosahau ni kwamba kule hakuna aliyetangaziwa msiba jukwaani.

Wiki ileile alifariki mzee wa Mafinga aliyewafundisha kazi mafundi wengi wa upande ule. Kwetu fundi akifa, jeneza wanalitengeneza mafundi wenzake, uani kwa mmoja wao, na kila aliyefika anagonga walau msumari mmoja. Tangazo nililiandika mimi mwenyewe, tena vizuri. Walifika wengi, nami nikiwemo. Yule wa Ipogolo, mwanafunzi wa kwanza wa marehemu, hakufika. Alisikia kwa dereva wa lori la mbao, kaburi likiwa limeshafukiwa.

Nilipofungua kundi, maneno yalimiminika.

"Mtaalamu, kwa hiyo mtu akikosana na wewe asizike?"

"Mabenchi ya dada ndiyo yamemzuia mwenzetu kugonga msumari."

Katibu aliyasoma yote. Akampigia dada: wazee wa kanisa hawataki mabenchi yenye ugomvi, na mambo yasipotulia kufikia Jumapili kazi atapewa fundi mwingine. Dada akanipigia mimi.

"Kaka, umenisaidia ukaniharibia. Sasa nenda kamtengeneze huyo mzee."

Nilishuka hadi Ipogolo. Nilimkuta anapiga randa mguu wa meza, hakuacha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umetoka Mbeya yote hiyo kuja kunitoa tena?"

"Nimekuja kutoa pole. Na nimekosa."

Randa ikasimama. Alinionyesha stuli ya kukalia. Akaniuliza jeneza lilikuwa la mbao gani, nani alipima, kifuniko kilikaa sawa. Nilimjibu moja moja. Ndipo nikamwambia ya dada, kwamba kazi inamponyoka, na kwamba yeye mzee hajawahi kuyagusa yale mabenchi.

"Picha inatosha," alisema.

"Picha haina unyevu, mzee. Nina kipimo garini."

"Kipimo chako kiweke mfukoni. Nitakwenda na shavu langu."

Nilidhani anatania. Kesho yake, kwenye karakana ya dada Igowole, katibu akiwa amesimama na daftari lake kwapani, mzee alipiga magoti kwenye kila benchi na kulaza shavu juu ya mbao. Mbao yenye maji ni ya baridi, shavu linaijua. Dada alimfuata nyuma mikono kiunoni.

"Baba, hilo si mto wa kulalia."

"Nyamaza, binti, nasikiliza."

Alipomaliza akagonga mawili kwa kidole. "Haya mbichi. Hayo kumi yako sawa."

Nilitoa kipimo changu, kile nilichonunua kwa jasho langu, nikapima yote kumi na mawili. Kipimo kilisema hivyohivyo. Dada alizunguka nyuma ya karakana, anakopanga mbao zake, akarudi akisema mbao za mabenchi yale mawili zilikuwa chini kabisa ya rundo, zimelala udongoni bila vijiti vya kupitisha hewa. Hakujitetea.

Katibu alikaa kwenye benchi kavu, akajirusharusha mara mbili kwa mwili wake mzito. Halikulia.

"Kumi tunabeba leo," alisema. "Mawili utatuletea ukibadilisha mbao. Kazi ni yako."

Dada aliweka mkono juu ya benchi lililokuwa karibu, akauacha hapo.

"Hayo mawili nitakuja kuyakagua," mzee akasema.

"Njoo, baba. Ila randa utashika wewe."

"Nani atanilipa?"

"Si ulisema mbichi? Mwenye neno ndiye mwenye kazi."

Alicheka, akaanza kukunja mikono ya shati. Mimi na katibu tukashika ncha za benchi la kwanza kulipeleka garini.