Mama Alipofika kwa Mzee Doro

Usiku mmoja niliota niko tena Ufilipino, katika kijiji cha wakulima nilikopelekwa miezi minne kujifunza kilimo cha mpunga. Mama aliugua nikiwa huko, akaniita. Ningerudi, ningepoteza nafasi yangu. Nikabaki nikipanda miche kwa kufuata kamba, nikijidanganya kwamba atanisubiri. Walimzika bila mimi.

Katika ndoto ni adhuhuri. Natoka shambani na tope hadi magotini, njaa inaniuma. Nyumbani kwa mwenyeji wangu, Mzee Doro, kuna sahani juu ya kabati: wali wa kunata, yai na sigara moja. Kwao hicho ni chakula cha marehemu, na walio hai hawakigusi mpaka wafu washibe. Najua, maana nilishaambiwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nachukua yai; nakula hadi cha marehemu wao.

Nageuka, na jiko limekuwa la kwetu Kyela. Mama amekaa kwenye kigoda. Amevaa kitenge nisichokijua, naelewa kwamba ndicho alichozikwa nacho. Mzee Doro anamwomba radhi kwa niaba yangu, kwa Kiswahili safi kuliko changu.

"Mwache, baba," mama anasema. "Huyu amezoea kula kwanza."

Napiga magoti nimshike miguu. Anaivuta ndani ya kitenge, taratibu, kama alivyokuwa akiwakwepa kuku jikoni.

"Mwambie Tusa nimeridhika naye," anasema. "Aliniosha kwa maji ya uvuguvugu."

Tusa ni mdogo wangu, ndiye aliyemuuguza. Nangoja mama aendelee. Anamtazama Mzee Doro akifuta ile sahani.

"Na mimi, mama?"

"Wewe fikisha."

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, na ladha ya yai bado ilikuwa mdomoni. Nilitamani kuuficha ujumbe ule, nikiri tu. Kwa nini apewe yeye radhi yote? Lakini nikampigia Tusa simu, nikamweleza hadi yale maji. Tusa alilia sana, kisha akauliza, "Na wewe, kaka, amekuambia nini?"

"Amenisamehe," nikasema.

Alishusha pumzi.

"Afadhali, kaka. Maana siku ile ya mwisho nilimwomba akusamehe, akageukia ukutani."