Miaka Tisa Niliyojifunga Mwenyewe

Hakimu alisoma karatasi yake mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta, na mimi bado nasubiri namba. Wale wakubwa watatu tulioshtakiwa nao pamoja walikuwa wameshapewa yao, na haikuwa namba, ilikuwa kamba. Mimi niliponea kwenye jino.

Ilikuwa hivi. Tulivunja duka moja Sultan Hamud, duka la mzee wa kutoka upande wa Murang'a. Mmoja wa hao wakubwa akamkata mwenye duka mkononi kwa panga. Mimi nilishika tochi na kubeba nusu gunia la sukari. Sikumkata mtu. Lakini bila tochi yangu panga lisingeuona ule mkono, na hilo silikatai, wala sitaki mtu anionee huruma. Sheria ilisema aliyefika miaka kumi na minane ananyongwa, na ambaye hajafika hanyongwi. Sasa mimi nilikuwa na miaka mingapi? Cheti cha kuzaliwa kwetu Kikima wakati huo nani alikuwa nacho? Mama aliiambia korti nilizaliwa ile njaa ya unga wa manjano, wakati wa kuvuna maharagwe. Hakimu aliandika, lakini kalamu yake haikufurahi. Nikapelekwa kwa daktari. Daktari akanifungua mdomo kama mtu anayenunua punda kwenye soko la Zombe, akaangalia huko nyuma, akasema magego ya mwisho bado hayajatoka, huyu hajafika kumi na minane. Mama amemshukuru Mungu kwa mambo mengi maishani, lakini lile jino vivu nafikiri liko juu kwenye orodha.

Kwa hivyo nikasubiri namba. Hakimu akasema maneno yake kwa Kiingereza, na mkalimani wa korti akanigeukia akayaleta kwa Kikamba: "Wewe kijana utakaa ndani mpaka Rais apende."

Nikauliza, "Apende lini?"

Mkalimani alikataa kutafsiri hilo. Aliniangalia tu kama mtu aliyeombwa kubeba mzigo ambao haumo kwenye mkataba wake.

Mama alikuwa amekaa benchi la nyuma. Alisikia. Ni yeye peke yake wa kwetu aliyekuwepo. Baba alishakufa, dada zangu wawili walishaolewa, na baba mdogo alisema hana nauli. Ukumbuke hilo la baba mdogo, kwamba hakuwepo, kwa sababu lilikuja kutusaidia sana.

Jela, kitu cha kwanza unachoulizwa si jina. Ni, "Umepigwa mvua ngapi?" Mvua ni miaka. Mwenye tatu anajibu tatu, mwenye saba anajibu saba, na papo hapo anajua atalala wapi, atapewa kazi gani na nani wa kumheshimu. Mimi nilisema sina. Jamaa wakacheka. Mmoja akasema huyu ni wa Ukambani kweli, hata jela mvua imemkataa. Nilicheka pia, na nilicheka kwa nguvu kuliko wao, kwa sababu nilijifunza mapema ukitangulia kujicheka watu hukosa pa kukushika.

Tulikuwa wanne hapo ndani tusiokuwa na namba. Tuliitwa watu wa Rais. Mimi nilijifanya ni cheo. Asubuhi kwenye foleni ya uji nilikuwa nawaambia wenzangu wapishe, mtu wa Rais anapita. Lakini usiku wa kwanza niliona wenzangu wakikwaruza ukuta kwa kijiti, kila mtu na mistari yake, na nikaelewa kitu. Mwenye namba kila siku anapunguza. Mimi kila siku nilikuwa naongeza. Yeye anachonga mti mpaka uishe, mimi nalundika taka tu.

Halafu mwaka wa pili Rais mwenyewe akafariki. Bendera ikashuka nusu, askari wakavaa nyuso za kanisani, na sisi tukasimamishwa uwanjani kimya. Nilijaribu kunyamaza, Mungu anajua nilijaribu. Lakini tulipoambiwa turudi kazini nikamuuliza askari, "Afande, aliyekuwa anapaswa kunipenda amekufa. Sasa mimi napendwa na nani?" Nilikula siku saba za chumba cha peke yangu na nusu chakula. Nilipotoka bado hakuna aliyekuwa amenijibu. Lilikuwa swali la kweli, sikuwa natania. Labda kidogo.

Baadaye nikahamishwa kwenye jela ya upande wa Kitui, karibu kidogo na nyumbani, na hapo mama akaanza kuja. Alitoka Kikima gizani, akabadilisha gari mara tatu, kwa dakika kumi na tano za kuongea kupitia waya. Mara ya kwanza hakusalimu vizuri hata. Aliweka uso karibu na waya akasema ukoo umekaa kikao.

Nikajua ni shamba. Marehemu baba alituachia kipande kule chini ya mlima, kinachofika mpaka kijito. Baba mdogo alikuwa amekipenda tangu mimi ni mtoto wa kutambaa. Sasa alikuwa amewaambia wazee kwamba mama ni mwanamke peke yake, mabinti wameolewa, na mwana wa kiume amefungwa. Wazee si watu wabaya. Walisema kufungwa si kufa. Kwetu mtu akifungwa, fungu lake huwekwa. Mama yake au mke wake hulima mpaka arudi, na hakuna anayepanda hata mkonge mmoja wa mpaka ndani yake. Lakini lazima ukoo uambiwe ni miaka mingapi. Miaka inatajwa mbele ya wazee na inakumbukwa. Ambaye hana miaka, huyo si mfungwa. Huyo amepotea, kama wale walioenda Mombasa kutafuta kazi zamani wakamezwa. Fungu la aliyepotea hugawiwa. Na likigawiwa, mama angeenda kukaa wapi? Kwa baba mdogo, kwenye jiko la mke wake, kuomba chumvi.

"Wameniuliza umepewa ngapi," mama akasema.

"Mwaitu, mama, si ulisikia mwenyewe."

"Mimi nilisikia. Wao hawakusikia." Alisubiri askari apite nyuma yangu. "Nipe namba. Yoyote. Nitaisimamia."

Mama yangu ni shemasi wa kanisa. Hajawahi kusema uongo hata kwa mtoza ushuru. Nilimwangalia kwenye ule waya, macho makavu, kidevu juu, na nikajua mdomo wangu sikuuokota njiani.

Nikatafuta namba isiyokuwa ndefu ya kumuua mama wala fupi ya kuchekesha wazee. "Tisa," nikasema. "Waambie tisa, tangu siku ya korti."

"Tisa," akarudia, akafunga leso, akaenda.

Nakwambia ukweli, siku ile nililala kama mtu. Kesho yake niliokota kijiti na mimi nikaenda ukutani. Nikachora mistari tisa, nikakata miwili iliyokwisha. Jirani yangu wa mkeka, fundi mmoja wa viatu aliyepigwa kumi, akaniuliza nimepata karatasi lini. Nikamwambia sijapewa na mtu, nimejifunga mwenyewe, maana serikali imeshindwa na hiyo kazi. Aliihesabu mistari yangu. Halafu akasema kama ningekuwa na akili ningejifunga mitatu.

Miaka ikaenda. Nilijifunza useremala, nikawa mtu wa kutengeneza milango, jambo la kuchekesha kwa mfungwa. Kila baada ya miaka kadhaa bwana mkubwa wa jela aliandika ripoti ya sisi watu wa Rais, ikaenda Nairobi, ikanyamaza huko. Mama alilima. Alikuja na habari za mbaazi na mahindi ya kwetu, ya kipande changu, na mimi nikawa najua mazao ya shamba ambalo sijalikanyaga kwa miaka kuliko mtu anayelala karibu nalo.

Mvua ya tisa ikafika. Ikapita. Mimi bado niko ndani nasukuma randa.

Mama akaja na uso wa siku ile ya kwanza. Baba mdogo hakuwa amesahau hata mwezi mmoja. Alisimama mbele ya wazee akasema miaka tisa imekwisha, yuko wapi? Kama hakurudi basi amekufa, au mlidanganywa. Wazee walimpa mama mpaka mwisho wa msimu alete neno la kueleweka. Na baba mdogo, bila kungoja msimu, alishapanda safu ya mikonge kutoka kwa njia mpaka katikati ya mahindi.

Nikamwambia mama aende, neno litakuja kwa barua.

Jela unaandika barua kwa Kiswahili ili isomwe kabla haijatoka. Niliandika hivi: *Baba mdogo na wazee wa ukoo, nawasalimu. Mimi ni mzima. Nawajulisha nimeongezwa miaka miwili kwa sababu ya mdomo wangu, kwa hivyo sasa ni kumi na moja. Shamba likae vile lilivyo. Mama alime. Mikonge itolewe.*

Siku ya pili nikaitwa. Msomaji wa barua alikuwa sajini mmoja wa kutoka kaskazini mashariki, Mwislamu, mrefu, watu wake ni wa ngamia. Hakuwa mtu wa kelele. Barua yangu ilikuwa mezani na faili langu kando yake.

"Nani amekuongeza miaka miwili?"

"Mimi, afande."

"Mfungwa hajifungi."

"Basi nionyeshe aliyenifunga na namba yake, nifute hii yangu."

Nilitegemea kofi. Badala yake alifungua faili. Kuna mahali kwa kila mfungwa wameandika tarehe ya kutoka. Kwangu palikuwa na kistari cha penseli tu. Alikiangalia kile kistari kama mtu anayeangalia kisima akakosa kuona maji. Akaniuliza hii habari ya shamba na mikonge ni nini. Nikamweleza yote, mama, wazee, tisa, baba mdogo. Sikuficha.

Akafunga faili. Halafu akasema kwao mtu akienda mbali na mifugo, zamu yake ya kunywesha kisimani huwekwa. Hakuna anayemuuliza mke wake atarudi lini. Wanaoulizwa ni wale wanaotaka kuchukua zamu.

"Lakini hii ni uongo," akasema, akigonga barua kwa kidole.

"Ni uongo, afande. Lakini hiyo mpaka Rais apende, ukiipeleka kwa wazee wa kwetu, nayo wataiita uongo. Watasema hakuna kifungo kama hicho duniani."

Hakucheka. Alichukua muhuri, akaupumulia, akaupiga chini ya jina langu, duara la zambarau. "Mimi nimesoma tu," akasema. "Huu muhuri unasema nimesoma. Hausemi ni kweli."

Nikamwambia naelewa. Na nilielewa vizuri sana, kwa sababu nawajua watu wangu.

Mama alinisimulia baadaye. Barua ilisomwa mbele ya wazee. Baba mdogo akasema hiyo ni kalamu ya huyu mjinga, na alikuwa sahihi. Ndipo mzee mmoja aliyewahi kuwa karani wa pamba akaichukua, akaigeuza, akaona ile zambarau. Akaipitisha, kila mzee akaitazama, hata wasiojua kusoma, hasa hao. Yule karani akasema serikali ya Kenya haiwezi kupiga muhuri chini ya uongo. Ikawa kumi na moja. Baba mdogo aliambiwa atoe mikonge yake, na barua akapewa yeye aiweke, kama shahidi, ili asisahau tena.

Hakuitoa mikonge. Lakini hakuongeza.

Mwaka wa kumi na moja ulipofika mwezi wa nne, nilikuwa napima fremu ya mlango niliposikia naitwa ofisini. Karatasi ilikuwa imetoka Nairobi. Nimependwa. Hakuna aliyenieleza kwa nini mwaka huo na si mwaka ule, na nilipouliza, bwana mkubwa alisema nishukuru nitoke. Nilitoka. Kushukuru nilimwachia mama.

Siku ya tatu nikiwa nyumbani, nilichukua jembe nikaingia kwenye ile safu ya mikonge. Ni mmea mkaidi, unakuchoma huku unang'olewa. Nilikuwa nimefika wa sita baba mdogo alipokuja, hakuja peke yake, alikuja na naibu chifu, na ile barua mkononi, imekunjwa mpaka imekuwa laini kama kitambaa.

"Huyu ametoroka," akasema. "Miaka yake ni kumi na moja. Hesabuni. Bado miezi minane."

Nikatoa karatasi yangu ya kuachiliwa, nikampa naibu chifu. Maskini yule mtu alisimama katikati ya shamba, karatasi huku, barua huku, muhuri huku, muhuri huku, na jasho likimtoka. Mwisho akasema karatasi ya Nairobi inaishinda barua ya jela. Akarudisha kila mtu yake, akaondoka haraka kabla hajaombwa kuandika lolote.

Baba mdogo alibaki. Alikuwa amezeeka, nilikuwa sijaliona hilo. Akafungua ile barua tena, akaniwekea kidole juu ya maandishi yangu mwenyewe.

"Uliandika wewe. Kumi na moja."

"Niliandika mimi," nikasema. "Na hiyo miezi minane sikatai, baba mdogo. Nitaimalizia hapa hapa, kwa kazi ngumu. Kaa hapo kwenye mpaka unilinde nisitoroke."

Nikarudi kwa mkonge wa saba. Mama alikuwa upande wa kijito anapalilia, hakuinua kichwa, lakini nilimsikia anacheka.