Mwalimu Chande na Ng'ombe Wasiohesabiwa

Hii hutaiamini, na wala sikulaumu. Mke wangu, ambaye mpaka leo anaamini iko siku nitamjengea nyumba ya mawe, hii ameikataa. Ni habari ya mwalimu wa hesabu aliyetembea kwa miguu kutoka Garsen hadi nyuma ya Minjila, jua la saa saba kichwani, kwenda kufundishwa hesabu na mzee ambaye hakuwahi kuhesabu ng'ombe wake hata siku moja. Nilikuwepo. Na msiidharau kalamu yangu: darasa la sita nimelisoma mara mbili, ambayo ukijumlisha vizuri ni sawa na mtu aliyefika la kumi na mbili.

Mwalimu mwenyewe yu hai. Amekaa hapa kwenye benchi langu anakunywa kahawa, na kila ukurasa nikiumaliza namsomea. Kwa hiyo mkiona mahali nimejizuia, mjue sababu.

Johnson Chande ni Mpokomo wa Chara, mtoto wa mkulima wa mpunga. Alikuja skuli yetu ya kati pale Garsen mwaka wa hamsini na tano, mwembamba kama upondo wa mtumbwi, kaptura imepigwa pasi hadi mstari wake ungekata muwa. Mwalimu aliyemtangulia alituachia fimbo tatu kwenye kona ya darasa. Siku ya kwanza Chande alizichukua zote, na sisi wa benchi la nyuma, tulioitwa magogo, tukaanza kujikunyata. Akatoa kisu, akazichora alama za inchi kutoka chini hadi juu, kisha akasema, "Haya, nje. Tukapime shamba."

Fimbo zile hazikumgusa mtu tena. Moja aliichomeka ukingoni mwa mto, na kila asubuhi gogo mmoja alitumwa kwenda kusoma maji yamefika wapi. Mtoto wa Kipokomo ukimwambia atoe saba kwenye kumi na tatu, anakukodolea macho. Mwambie mto ulikuwa inchi kumi na tatu na umeshuka saba, atakujibu papo hapo na kukuongezea siku ya kupanda. Katika mwezi mmoja magogo yakaanza kuota majani.

Lakini palikuwa na Jatani. Alikuwa Muorma, mtoto wa Mzee Roba, mrefu, mpole, ana miaka kama kumi na mitano. Kusoma alisoma kuliko sote. Hesabu zilimshinda, na kila swali lililotaja ng'ombe aliliacha tupu, kama mtu anayeruka shimo. Mwaka wa kwanza alianguka kwa hayo, na kanuni ya skuli ilikuwa moja: anayeanguka darasa la sita mara mbili harudi.

Kwao haikuwa jambo dogo. Mzee Roba alikuwa amemtoa mtoto huyo mmoja tu kwenye mifugo, na alimtoa kwa sababu ya karatasi. Wakati wa kiangazi Waorma huteremsha ng'ombe kunywa mtoni kwa njia iitwayo malka, inayopita katikati ya mashamba ya Wapokomo. Mwaka mmoja Mzee alipewa karatasi yenye siku ambazo malka ingefungwa. Kambini hapakuwa na wa kuisoma. Akashusha ng'ombe siku iliyokatazwa, wakakamatwa, na waliorudishwa walirudi wamekauka kwa kiu. Wengine hawakurudi. Mzee akaapa kwamba karatasi nyingine haitamkuta kipofu. Macho aliyoyachagua ni Jatani.

Mwalimu Chande akadhani ameiona dawa. Huyu, alisema, ni mtoto wa ng'ombe. Akipelekwa kwa ng'ombe, hesabu zitamjia zenyewe. Alasiri moja ya mwezi wa pili akatutoa darasa zima hadi malka, ng'ombe wa Mzee Roba wakiwa ndio kwanza wanateremka.

"Hesabuni kwa sauti," akasema. "Kisha tutawagawanya kwa wachungaji."

Tukahesabu. Sauti yangu mimi ilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Hili Mwalimu amelikubali kwa kichwa. Arobaini na moja, arobaini na mbili, kama watu wanaoimba. Jatani alisimama na midomo imefungwa, machozi yanamtiririka na hayafuti.

Mwalimu akamsogelea. "Jatani, hawa ni wenu. Unawajua kuliko sisi. Mbona huhesabu?"

Upande wa pili wa njia Mzee Roba alikuwa ameegemea mkuki wake, anatutazama. Akawageuza ng'ombe wake kabla hawajatosheka maji, akaondoka.

Siku ya tatu mamba alimkamata Buure, pale pale malka. Buure alikuwa ng'ombe wa madoadoa, na nusu ya zizi ilikuwa uzao wake. Kesho yake nafasi ya Jatani kwenye benchi la nyuma ilikuwa wazi. Ikawa wazi wiki mbili.

Mjomba wangu, mtu wa pwani kama mimi, alikuwa na duka Garsen, na wateja wake wengi walikuwa Waorma; lugha yao niliiokota hapo. Basi mimi ndiye niliyemwambia Mwalimu. "Ng'ombe wa Waorma hawahesabiwi. Kuwahesabu ni kuwaitia mauti."

"Ulijua hayo, Shekuwe?"

"Nilijua."

"Siku ile malka, ulijua?"

"Wewe ndiye uliyesema tuhesabu kwa sauti, Mwalimu."

Alinitazama kwa muda mrefu. Kuliko kutazamwa kule, ningechagua zile fimbo tatu.

Jumamosi tukaenda, yeye na mimi, mimi nikiwa mkalimani. Alibeba pakiti ya buni kwa ajili ya wenyeji. Tulivuka uwanda wa mafuriko uliokauka ukapasuka, na njia nzima hakunifundisha chochote, hata jedwali la saba, jambo ambalo lilinitia hofu.

Mzee Roba alitupokea vizuri. Buni ikakaangwa na samli kwa desturi yao, tukapewa tukatafuna. Jatani alikaa nyuma ya baba yake, hainui uso. Mwalimu akasema alilokuja kusema: kwamba alikosa, kwamba hakujua, na kwamba kutojua kwake hakukumrudisha ng'ombe wa mtu.

Mzee kwanza akasema neno kuhusu watu wa pwani wanaojua wakanyamaza. Hilo sikulitafsiri. Ndipo akaendelea, "Mwambie sikumkasirikia. Mamba ni mamba. Lakini mtoto wangu hawezi kukaa mahali anapofundishwa kukipungia kifo mkono kivifuate vitu vyake mwenyewe. Muulize, yeye ana watoto wangapi?"

Nikatafsiri. Mwalimu akafungua mdomo. "Nina wa..."

Akakwama. Garsen nzima ilijua kwamba mwaka uliopita homa ilimchukua binti yake mdogo. Akisema watatu, amemtupa yule. Akisema wanne, amesema uongo.

Mzee Roba hakungoja mkalimani. "Umeona," akasema. "Wakiwapo wote, idadi ya nini? Idadi huja siku mmoja hayupo."

Nimeyatafsiri maneno ya watu wengi maishani, mengine nikayatia chumvi yakawa matamu zaidi. Hayo niliyatoa kama yalivyo.

Jua lilipolala ng'ombe wakarudi. Mzee Roba akasimama kwenye mlango wa boma la miiba. Hakuinua kidole, midomo haikucheza. Walipokwisha kuingia akamgeukia mchungaji. "Mtamba mwekundu wa ukoo wa Buure yuko wapi?" Mchungaji akarudi mbio nyikani, akamleta akichechemea, mwiba kwenye kwato.

Mwalimu akamwinamia Jatani. "Amejuaje?"

Na Jatani, kwa mara ya kwanza tangu malka, akasema naye. "Wanaingia kwa koo zao, Mwalimu. Kila mmoja na mama yake. Katika ukoo wa Buure nusu wanakamuliwa, robo wana mimba, robo ni mitamba bado. Yule mwekundu hutembea nyuma ya mama yake. Mama akiingia peke yake, unaona pengo."

"Rudia," Mwalimu akasema. "Hapo pa robo."

Jatani akarudia. Akaingia ukoo mwingine, theluthi kwa theluthi, nani kazaa na nani bado, bila kutaja idadi ya zizi hata mara moja, wala hakukosea. Mtoto ambaye alama zake za sehemu, mwaka mzima, zilikuwa sifuri. Mwalimu Chande akakaa chini mavumbini na kaptura yake ya pasi, akasikiliza mpaka ng'ombe wakamaliza kukamuliwa.

Lililobaki lilikuwa mtihani. Maswali ya mtihani yalikuja na ng'ombe wake, hakuna wa kuyabadili. Asubuhi, kabla hatujaondoka, Mwalimu akamweleza Mzee jambo hilo bila kuficha: yako maswali ambayo mtoto asipohesabu ng'ombe waliomo ataanguka, na akianguka ndio mwisho.

Mzee akafikiri. "Hao ng'ombe wa karatasi wana maziwa?"

"Hawana."

"Wana mama?"

"Hawana, Mzee."

"Ni wa nani?"

Mwalimu akasita. "Nadhani ni wa serikali."

"Basi na wahesabiwe mpaka waishe," akasema Mzee Roba, na hakucheka. Jatani akachukua daftari zake, akatufuata.

Tangu siku hiyo darasa letu lilibadilika. Mwalimu alitukusanyisha kokwa za mti wa mkoma, kila gogo na kokwa zake, akatuambia tuzipange kwa koo: huyu bibi, hawa mabinti, hawa wajukuu. Hakuuliza ngapi. Alituambia tufumbe macho, akaondoa baadhi, kisha akauliza, "Nani hayupo?" Ukishajua nani hayupo, kutoa umeshajua. Ukishajua koo, kugawanya umeshajua. Idadi ilikuja mwisho kabisa, ubaoni, na Jatani ndiye aliyepita benchi kwa benchi akiwarekebisha watoto wa wakulima. Kwangu alikuja mara nyingi. Nilikuwa nazichanganya koo zangu makusudi, ili nione atafanyaje.

Mwalimu alikuwa na kokwa zake pia, mezani. Nne. Moja ilikuwa ndogo. Hakuna aliyeiondoa wakati wa kufumba macho, na hakuna aliyeambiwa asiiondoe.

Mtihani ukafika mwezi wa kumi na moja. Swali la saba lilikuwa la ng'ombe: mtu fulani anao themanini na nne, theluthi wameuzwa. Nilimwona Jatani akilifikia. Kalamu ikasimama. Akalitazama lile swali kama anayetafuta sura ya mtu anayemjua. Kisha akainamisha kichwa, akaandika.

Majina yalisomwa uwanjani. Jatani alipita. Mimi nilianguka, kwa sababu zisizohusiana na habari hii.

Mzee Roba alikuja Garsen wiki hiyo hiyo, na karatasi mpya ya malka imekunjwa kifuani. Hakumpa mwenye duka, hakumpa karani. Alimpa mwanawe mbele ya watu, na Jatani akaisoma taratibu, kwa Kiswahili kisha kwa Kiorma, siku za kufunguliwa na siku za kufungwa. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akaomba isomwe tena ile siku ya kwanza. Kisha akaikunja karatasi yake, akavuka uwanja kuja kwa Mwalimu.

Hapo napakumbuka kama jana. Alikuja na zawadi, ng'ombe weupe watupu, wamenyooka mstari kama askari, vumbi lao limefunika Garsen yote, na mimi nimesimama mlangoni mwa duka nawahesabu kwa kidole hiki hiki, mmoja, wawili, watatu, wa...

"Shekuwe," asema Mwalimu, ameweka kikombe chini. "Alileta kibuyu kimoja cha maziwa. Na kidole hicho kishushe."