Paswedi Aliyoikataa Mama Nasra

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, nasema nafunga waifai. Nikishasema hivyo tu, wananiomba paswedi. Ya wapi? Ya popote. Hata kwenye msiba wa baba yangu kuna mtu alinivuta pembeni kuniuliza kwa nini intaneti ya kwake inasuasua. Nilimjibu vizuri, maana nilikuwa nimechoka hata kukasirika.

Naitwa Agnes. Nimezaliwa Mgeta, juu huko kwenye kabichi na baridi, na sasa naishi mjini, Kihonda. Baba alipougua, sisi wanawe tulimteremsha mjini kwa huruma iliyogeuka mabavu, akalala chumbani kwangu mpaka alipofariki. Kila siku aliuliza matuta yake nani anayapalilia. Mama aliyaona yote. Tulipomaliza arobaini alirudi mlimani, akaniambia yeye hatateremshwa na mtu.

"Na wewe umechoka," akasema. "Ukisikia naumwa utakuja kunibeba. Kwa hiyo hutasikia."

Sasa, Mama Nasra. Ana maabara ndogo nyuma ya stendi ya Msamvu, ya kupima damu, mkojo, malaria, sukari. Ni mtu mzima, mstaafu, na ana moyo wa kugawa. Siku aliyonipigia, sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa. Binti mmoja muuza mchicha, Devotha, alipimwa pale, na kabla hajafika nyumbani majibu yake yalikuwa yameshafika sokoni. Watu wakaanza kuipita maabara kama hawaioni.

"Njoo uniangalizie, mwanangu," akasema. "Kama ni mimi niliyemuuza yule mtoto, bora nifunge nikakae nyumbani."

Nikaenda. Shikamoo, marahaba, karibu. Ukutani, juu ya benchi la wagonjwa, palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: PASWEDI, mamanasra.

"Mama, hili si ndilo jina mtaa mzima unalokuita?"

"Ndilo. Nimeweka hilo ili wasisahau."

"Na kompyuta ya majibu iko kwenye waifai hii hii?"

"Kwani zinakuwa ngapi?" Akakaa karibu yangu. "Agnes, mtu anaumwa, amekaa hapo anasubiri majibu roho juu, ananiomba waifai. Nimnyime? Si wataniona nina roho mbaya?"

Hapo ndipo kazi yangu inaponichosha. Mwizi wa mtandao namuweza. Mtu anayeona aibu kunyima simuwezi, na mji huu umejaa watu hao, Mungu awabariki na awaondoe njiani kwangu.

Nikataka aone kwa macho yake. Alipokwenda kutafuta miwani, nikakaa kwenye benchi kama mgonjwa, nikaunganisha simu yangu. Yunusi, mtaalamu wake wa maabara, alikuwa ameiacha folda ya majibu wazi ili kompyuta ya mapokezi iweze kuisoma na kuchapa. Ikafunguka kwenye simu yangu bila kuniuliza mimi ni nani. Majina ya watu, moja chini ya jingine. Ndivyo Devotha alivyofika sokoni. Nikateremsha kidole, nikakuta Magdalena Lukasi, Mgeta.

Mama yangu.

Sikupaswa kulifungua. Ningependa kusema kidole kiliteleza, lakini hakikuteleza. Sukari, iko juu sana. Chini yake Yunusi aliandika: apigiwe, arudi upesi. Tarehe ilikuwa ya mwezi uliopita.

"Umeona nini?" Mama Nasra aliuliza, miwani mkononi.

"Kila kitu kiko wazi, mama. Yeyote aliyekaa hapa anakiona."

Akashusha pumzi. "Ndiyo maana hawarudi. Kuna bibi mmoja wa mlimani, Yunusi kampigia mpaka kachoka. Hataki. Anasema kasikia kwetu maneno yanatoka." Halafu akajiziba mdomo. "Ona sasa, na mimi nayatoa."

Nilifanya kazi kwa hasira, na niliyemkasirikia ni mimi mwenyewe. Nikatenganisha mitandao miwili. Mmoja wa wageni, unaokwenda intaneti tu na hauoni kingine chochote humo ndani. Mwingine wa kazi, wa kompyuta mbili na printa, wenye paswedi ndefu isiyo jina la mtoto wa mtu. Folda ya majibu nikaifunga ifunguke kwenye kompyuta hizo mbili tu. Ruta, kisanduku kinachorusha waifai, ilikuwa dirishani, inamhudumia mpaka muuza chipsi wa ng'ambo ya barabara, nikaihamishia ndani. Paswedi ya kiwandani ya kuingilia kwenye ruta yenyewe, ambayo hakuna aliyewahi kuigusa, nayo nikaibadilisha.

"Hii ya wageni bandika ukutani, mgawie yeyote," nikamwambia. "Ila hii ya kazi, mama, ni..."

Akaziba masikio yake kwa mikono miwili. "Usiniambie. Nikiijua nitaitoa, najijua. Mpe Yunusi. Yunusi hata salamu anaipima kwanza."

Nilicheka, na nilipotoka nje nikalia. Mtandao niliufunga vizuri. Tundu lililobaki lilikuwa mimi.

Jumamosi nikapanda Mgeta. Tangu Mzumbe mpaka juu nilikuwa napanga maneno. Nikisema najua, mama hatakanyaga maabara yoyote tena. Nikinyamaza, sukari haina adabu ya kungoja.

Nilimkuta shambani anang'oa karoti.

"Tumsifu Yesu Kristo, mama."

"Milele amina. Nani kakuita?"

"Hakuna. Nimechoka mjini."

Nikachuchumaa, tukang'oa wote. Alikuwa amekonda, na kila mara aliifikia chupa yake ya maji. Nikatazama pembeni. Nikamsimulia kazi zangu kama siku zote, kwamba juzi nimefunga mtandao kwenye maabara moja, kwa Mama Nasra.

Mkono wake ukatulia kwenye udongo. "Pale si wanasema majibu yanatembea?"

"Yalikuwa yanatembea. Sasa hayatembei. Hata mwenye maabara haijui paswedi."

"Na wewe uliyefunga, huoni?"

"Sasa sioni, mama." Hilo neno sasa nililisema nikiwa nimeinamia karoti.

Aling'oa karoti mbili tatu. Kisha akasema, "Jumatatu nitateremka mjini. Nina shughuli zangu."

"Sawa, mama."

"Huniulizi shughuli gani?"

Nilitaka kuuliza. Nilitaka kumbeba mgongoni saa ile ile.

"Sikuulizi," nikasema. "Ukimaliza, nitakurudisha huku huku kwako."

Akanitazama, nikajua ameelewa kwamba najua. Akafuta mikono kwenye kanga.

"Umechoka, Agnes. Ingia ndani ulale. Hizi nitazimaliza mwenyewe."

Nikainuka, nikamwachia tuta lake.